Nilikwenda Jebel Ali Kuulizia Parachuti

Wapendwa wa kikundi,

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, mwingine sokoni, mwingine nikimchukua vipimo na pini ziko mdomoni, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa vipande vimeanza kugombana. Mama Koku amesikia nilikamatwa uwanja wa ndege, na Regina anaeneza kwamba nilikwenda kulipiza kisasi. Sikukamatwa, ingawa ilikuwa bado kidogo. Na kama kuna mtu mwoga kuliko mimi katika Bukoba yote, nionyesheni nimpe mkono. Kisasi ningekitoa wapi? Naandika yote mara moja, msomeane. Habari za pasi na viza naziruka, maana zilinichosha mara ya kwanza na sina haja ya kuchoka tena.

Kaka yangu Deo alikuwa rubani wa ndege ya kivita. Wakati wa vita vya Kagera alipaa asubuhi moja kuelekea ziwani, hakurudi. Jeshi lilituletea karatasi yenye maneno machache: aliruka na mwenzake, kulikuwa na ukungu, wakapotezana, na neno lake la mwisho kwenye redio lilikuwa "Namwona mmoja, anageuka." Basi. Mnajua kwetu mtu asiyepatikana huzikwa mgomba mahali pake ili watu wapumzike. Mama alikataa. Alisema hazikwi mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa, na akashikilia neno lake hadi miguu ilipomkataa na daktari akatuita pembeni kutuambia moyo wake umechoka. Mwaka ule wa 2014 ndipo alipokubali. Siku ikapangwa, padri akaambiwa.

Wiki hiyohiyo Advera, binti wa kaka yangu mwingine, anayefanya usafi hotelini Dubai, akapiga simu. Kanisani kwao kulikuwa na mzee Mganda, mlinzi wa maghala, wanayemwita Kapteni. Ijumaa ile alisimama kutoa ushuhuda kwamba zamani alikuwa rubani wa upande wa pili, na asubuhi moja aliangusha ndege mbili za Tanzania juu ya ziwa. Rubani wa ile ya pili, alisema, aliruka na parachuti, naye akamzunguka, akampungia mkono, akamwacha ashuke salama. Kanisa likapiga makofi. Advera akatoka nje mbio akapiga simu, na kati ya watu wote wa ukoo huu aliowajua namba zao, alimchagua bibi yake.

Mama akafuta mazishi. Akaagiza chumba cha uani kipakwe chokaa. Akakataa vidonge, akisema vinamlaza, na Deo anaweza kufika amkute hajitambui. Kila pikipiki ikisimama barabarani anauliza ni nani. Daktari akasema bila vidonge vile hamalizi mwezi.

Nikaona mtu lazima aende akamuulize yule mzee uso kwa uso, na wa kwenda ni mimi. Niliogopa majibu yote mawili. Kama parachuti ni kweli, basi kaka yangu alifika chini akiwa mzima, na sijui nini kilimpata huko, au aliishi miaka yote hii bila kututafuta. Kama ni uongo, mimi ndiye nitakayerudi kumwambia mama.

Kwanza nilikwenda Mwanza kwa Mzee Magesa, yule mwenzake Deo aliyeruka naye. Yeye alirudi siku ile na ndege yenye matundu mkiani. Aliniambia upande wetu haikupotea ndege nyingine asubuhi ile ila ya Deo. Akaniambia na jambo moja ambalo halimo kwenye karatasi: bawa la kushoto la ndege ya Deo lilikuwa limetoka kutengenezwa, na rangi yake ilikuwa kijani mbichi, haikufanana na nyingine. "Anayesema alimwona," akasema, "muulize bawa. Usimwambie wewe. Muulize, kisha unyamaze."

Bukoba hadi Entebbe

Asubuhi ya kuondoka mama alinipa kopo la senene, wale panzi wetu wa kukaanga, wametiwa chumvi vizuri. Nikadhani ni wa Advera.

"Ni wa huyo Kapteni," akasema. "Mwambie mama yake Deo anashukuru."

Nililiweka kopo chini kabisa ya begi na sikutaka kuligusa tena.

Basi letu lilikaa Mutukula mpakani muda ambao ningeweza kushona sare nzima na vifungo vyake. Askari mmoja wa upande wa Uganda aliniuliza nakwenda wapi, nikamjibu Dubai, akauliza kufanya nini, nami nikaanza kupekua mkoba. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mitano vita vilipopita hapo, na hadi leo nikiona sare upande ule nainamisha macho. Hatimaye nikasema nakwenda kumsalimia mtoto. Akacheka, akanigongea muhuri.

Kabla ya Masaka gurudumu likapasuka. Tuliteremka, dereva akaanza kutafuta jeki ambayo haikuwapo, nami nikaanza kuiona ndege ikiondoka bila mimi, na nikiri hapa kwamba sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Mama mmoja mwenye kibanda pale aliniona nimekaa juu ya begi nikitafuna kona ya kitenge. Akaniletea matoke na mchuzi wa karanga kwenye jani, akakataa malipo.

"Nyabo, kula," akasema. "Tumbo likiwa tupu, woga unapata mahali pa kukaa."

Nilikula yote. Woga ukapata mahali vilevile, lakini jeki ikapatikana kwa lori lililopita, na Entebbe nikafika nikikimbia.

Angani

Sikuwahi kupanda ndege. Katika familia yetu ndege haikuwa chombo cha kusafiria, ilikuwa kitu kilichomchukua mtu. Mlango ulipofungwa nilianza kusali rozari, na mkanda nikaufunga kwa kuupiga fundo, kwa kuwa sikuona lile tundu la kuingiza chuma.

Aliyekaa kando yangu, binti wa Kiganda aitwaye Prosi, alikuwa anakwenda kufanya kazi za nyumbani Al Warqa, hukohuko Dubai. Alinifungulia lile fundo bila kunicheka, akanifunga vizuri.

"Mimi pia ni mara ya kwanza," akasema. "Lakini nimeangalia kwenye simu."

"Madam wako unamjua?"

"Picha tu. Ana watoto watano. Kwenye picha hacheki hata mmoja."

Ndege ilipoinuka tulishikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Chini niliona ziwa, kubwa, la kijivu, halina alama yoyote. Niliwaza kwamba Deo alikuwa huku juu peke yake, hakuna wa kumshika mkono, na mtu anamjia kwa nyuma. Nikafunga macho. Chakula kilipoletwa Prosi alikula chake na changu.

Uwanja wa ndege wa Dubai

Hapa ndipo Mama Koku anaposema nilikamatwa. Begi langu lilipita kwenye ile mashine, kijana mwenye kanzu nyeupe akaniita kando, akalifungua. Akatoa kopo. Akafungua kifuniko, akaangalia ndani, akanitazama mimi, akaangalia tena ndani.

"What is this?"

Kiingereza changu ni cha vipimo: kiuno, kifua, urefu wa mkono. Nikajibu neno nililolijua, insects. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita wa tatu mwenye nyota begani. Wakaniuliza kama wako hai. Wakaniuliza ni dawa ya nini. Nikafikiri, sasa nafungwa jela ya Waarabu kwa ajili ya zawadi ya mtu aliyemwua kaka yangu, au hakumwua, na sitajua kamwe ni lipi. Nikashika meza.

Prosi, ambaye alikuwa ameshapita, alirudi. Alichukua senene mmoja, akamtupa mdomoni, akamtafuna mbele yao polepole, akasema kwa Kiingereza kizuri tu kwamba kule kwetu hawa huliwa harusini. Yule wa nyota akakunja uso kama mtu aliyekanyaga kitu. Akafunga kopo kwa ncha za vidole, akalirudisha begini.

"Yalla, yalla," akasema. "Go."

Nilimkumbatia Prosi pale pale. Mtu wa wakala alikuwa anamsubiri na karatasi yenye jina lake, akaondoka naye, na sijamwona tena. Kila nikisali namtaja yeye na wale watoto watano wasiocheka.

Rashidiya

Advera anaishi Rashidiya, chumba kimoja na wasichana wengine watano, vitanda viwili viwili juu kwa juu, pazia kila kitanda. Alinipa kitanda chake cha chini, yeye akalala sakafuni, na kwa sauti ya chini, wenzake wasiamke, akaniambia jambo ambalo nusura linirudishe nyumbani kwa miguu.

"Shangazi, usikasirike. Kapteni nimemwambia wewe ni mwandishi. Unaandika kitabu cha vita."

"Mimi?"

"Ningemwambia nini? Ningemwambia ndugu wa marehemu anakuja, angekubali?"

"Nani kakuambia ni marehemu?"

Akajifunika shuka. Tulikuwa hatujui Deo tumwite marehemu au mzima.

Tulingoja siku nyingi kuliko nilivyopanga. Kwanza Kapteni alibadilishiwa zamu. Kisha akasema yuko tayari, kisha akasema suti yake iko kwa dobi. Mimi nilishinda chumbani na ile mashine ya ubaridi ikinipulizia kichwani, nikiogopa kutoka nje kwa jua na kubaki ndani kwa mawazo. Nyumbani Jeni, msichana anayemtunza mama, alikuwa akituma ujumbe kila jioni: bibi hajala, bibi hajameza, bibi anauliza Kapteni amesema nini.

Treni

Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko na ya kanisa, tulipanda treni Rashidiya twende hadi mwisho wa reli, Jebel Ali. Advera alinikalisha mbele kabisa ili nione mji. Ndipo nilipoona kwamba mbele yangu kuna kioo, na baada ya kioo kuna reli, na hapo katikati hakuna mtu.

"Dereva yuko wapi?"

"Hakuna, shangazi. Inajiendesha."

"Nani anaona njia?"

"Kompyuta."

Nilisimama niteremke. Milango ikawa imeshafungwa. Mmalayali mmoja, Mhindi wa kusini, mwenye shati la kampuni akanipisha kiti cha kando, akaniambia no problem, madam, every day same same. Majumba marefu yalipita, siwezi kuwasimulia, nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nawaza kitu kingine: kwamba nakwenda kumpima mtu maneno yake, mimi ambaye sijawahi hata kumwambia mteja kwamba kitambaa alicholeta ni kibovu. Na nikikosea kuuliza, mama atakufa ameelekeza macho mlangoni.

Kantini ya Jebel Ali

Tulikutana kwenye kantini ya Wahindi karibu na kambi anakoishi, baada ya ibada. Palikuwa na wafanyakazi wengi, televisheni juu, harufu ya biriani na chai ya maziwa. Alikuja na suti ya kijivu katika joto lile, miwani myeusi, mgongo umenyooka. Nilimtarajia mtu mkubwa. Alikuwa mfupi kuliko mimi, na kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa, upande uliochakaa ukafichwa ndani, kazi nzuri ya mkono.

"Wewe ndio mwandishi? Andika jina langu yote, nyabo. Ezra, halafu Kapteni mbele."

Nikatoa kalamu. Nikaandika vikunjovikunjo tu.

Alianza. Alisimulia vizuri, na kwa mikono, mkono mmoja ndege yake, mwingine ndege ya adui, hata Wahindi wa meza ya pili wakageuka. Alimkuta wa kwanza akitoka kwenye ukungu. "Nikampiga. Nikampiga na kila kitu. Banduki ikalia tik, tik, tik, hakuna kitu, risasi imekwisha kabisa. Nikasema, Yesu. Halafu naona moshi, yeye anakwenda chini. Huyo alikufa."

Huyo aliyekufa nilikuwa nimekunywa naye chai Mwanza, akilalamikia goti.

"Halafu huyu wa pili akanijia. Mimi nageuka, yeye anageuka. Nikamkamata, nikampiga, moto! Halafu naona parachuti. Nyeupe. Nikamzunguka. Kijana mdogo. Nikampungia, hivi. Roho Mtakatifu aliniambia, Ezra, mwache."

Anageuka. Neno lilelile la kwenye karatasi, na sikuwa nimemtajia. Nikakumbuka niliyoagizwa.

"Hiyo ndege ya pili ilikuwaje, Kapteni?"

"Kama zile zingine. Lakini bawa ya kushoto ilikuwa na rangi yake, kijani mpya. Kama suruali ya kiraka. Sitaisahau mpaka nakufa."

Basi ni Deo. Kwa hiyo alimwona kweli. Advera alinishika goti chini ya meza, machozi yanamtoka, na najua aliwaza nilichowaza: kama bawa ni kweli, basi na parachuti ni kweli. Nilitaka niamini. Ningeweza kufunga daftari pale, nikarudi kumwambia mama apake chokaa na chumba cha pili. Lakini mimi nimekata vitambaa miaka thelathini, na ukishanipa mita mbili huwezi kuniambia zimetoka gauni mbili.

"Kapteni," nikasema, na sauti ilitoka ndogo kabisa, "risasi si zilikwisha kwa yule wa kwanza?"

Mikono yake ikabaki hewani.

"Zilibaki kidogo."

"Umesema zimekwisha kabisa."

"Nyabo, wewe ulikuwa pale?" Alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu wa zamu. "Hapa kanisani nimesema Ijumaa ngapi, hakuna mtu ameniuliza swali ya namna hiyo."

Nadhani kanisani habari ya risasi aliisema Ijumaa moja na ya parachuti Ijumaa nyingine. Alianza kusukuma kiti nyuma. Nikaogopa ataondoka, na nikaogopa atanipiga, na katika kuogopa kote huko nilifanya kitu pekee nilichoweza: nikatoa kopo, nikalifungua, nikamsogezea.

Aliinama akanusa. Akakaa. "Nsenene," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine. Akala mmoja, kisha wa kumi, kisha wakaacha kuhesabika. Alisema hajawala tangu alipoondoka kwao. Alisema mama yake alikuwa anawakaanga hivihivi, bila mafuta mengi. Alikuwa anatabasamu.

"Nani amenitumia?"

Ningeweza kusema mimi. Nilishachoka.

"Mama yake yule rubani wa pili. Anakushukuru kwa kumwacha ashuke. Ni mama yangu."

Aliacha kutafuna. Akatazama mlango, akatazama watu wa meza ya pili, akatazama mkoba wangu.

"Umekuja na nani? Na serikali?"

"Na mtoto huyu tu."

"Mimi hapa ni mlinzi. Kafeel, bosi mwenye viza yangu, akisikia natafutwa, khalas, narudishwa. Kwetu sina hata nyumba."

"Sijaja kukuchukua, Kapteni. Ningekuchukua na nini?"

Tulikaa hivyo, watu wazima wawili, kila mmoja akimwogopa mwenzake, na kopo katikati. Mhindi akaleta chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Kisha Kapteni akasema, akiangalia mezani:

"Hakuna parachuti."

Advera akatoa sauti kidogo, akafunika mdomo.

Alisema sasa bila mikono. Risasi zilikwisha kweli. Deo alimjia, naye hakuwa na kitu cha kumpigia, akakimbia, akashuka chini karibu na maji akiingia ukungu, Deo nyuma yake. Yeye akainuka. Deo hakuinuka. Aliona maji yakiruka juu, meupe. Aliporudi uwanjani aliulizwa, wawili walikuja, wako wapi? Siku zile aliyerudi akisema nilikimbia aliitwa mwoga, na baada ya kuitwa hivyo hukujua kesho utaamkia wapi. Akasema nimewaangusha wote wawili. Wakamwandikia wawili.

"Na parachuti je?" nikauliza.

"Hiyo ilikuja nyuma. Niliokoka, nikatoa ushuhuda, dada mmoja akalia. Akaniuliza, na huyo kijana je? Nikamwambia aliruka. Nyabo, ungeona uso wake ulivyofurahi. Tangu siku hiyo, kila nikisema, anaruka."

Sikumchukia. Nilitaka sana kumchukia, ingenisaidia. Nilichokuwa nacho ni hofu tu, na sasa ilikuwa na sura moja, sura ya mama.

"Mimi siwezi kumwambia," nikasema. "Utamwambia wewe."

Simu

Advera alipiga, Jeni akapokea, akaweka simu karibu na kitanda. Tukaweka sauti ya nje, tukasogeza vichwa. Kapteni alisimama. Alifunga vifungo vya koti kwanza, kama mtu anayeingia nyumbani mwa watu, ndipo akachukua simu kwa mikono miwili. Alianza kwa Kiswahili chake, lakini mama alijibu kwa Kihaya, naye akahamia Kinyankole cha kwao, na kwa kuwa lugha hizi ni ndugu wakaelewana bila mimi.

"Ndiye wewe uliyemwacha mwanangu ashuke?" mama akasema. "Mungu akupe maisha marefu. Senene wamefika?"

"Wamefika, mama. Nimekula." Akameza mate. "Mama, sikumwacha ashuke. Hakushuka. Alianguka majini."

Niliangalia simu kama bado inahesabu.

"Ulimpiga?"

"Hapana, mama. Yeye ndiye alikuwa ananifukuza. Mimi nilikuwa nakimbia. Niliinuka, yeye hakuinuka."

"Ulingoja uone kama atatoka?"

"Nilizunguka mara moja. Hakutoka mtu."

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu, mama. Niliogopa."

Mama alipumua, tulimsikia. Nilimwomba Mungu asimchukue pale pale, na mimi niko kwenye kantini ya Wahindi.

"Umemwona kwa macho yako," akasema. Hakuwa anauliza.

"Kwa macho yangu, mama."

Kisha akapiga ukunga. Nyote mnaujua ukunga wa kwetu wa msiba, lakini sijui kama mmewahi kuusikia kutoka kwa mtu ambaye daktari alisema hana pumzi ya kupanda ngazi. Akamwita Deo kwa jina, akamwita kwa jina la ukoo, akamwita kwa jina la babu yake. Sikuwahi kumsikia mama akimlilia. Kwetu humlilii aliye hai, ni kumwitia kifo, kwa hiyo miaka thelathini na mitano nyumba ile haikulia, na mimi nilijifunza kumeza.

Simu ilianguka kule, lakini haikukatika. Tulisikia Jeni akianza naye. Tulisikia mlango. Tulisikia sauti ya Ta Petro, jirani, akiuliza kwa pumzi ya kukimbia, "Ni nani? Ni nani amekufa?" na Jeni akisema, "Deo." Kisha na Ta Petro akaanza. Wakaingia wengine, nikawa nawatambua kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kijiji kizima kikiingia kwenye ile simu, nami niko mbali siwezi hata kumshika mtu mkono.

Mhindi alizima televisheni. Kapteni alibaki amesimama na simu mikononi, machozi yanamwingia kwenye kola, na hakuiweka chini, maana msibani mtu haondoki wakati watu bado wanaingia. Alisimama hivyo hadi salio lilipokwisha.

Alitusindikiza hadi kituo cha treni. Alisema Ijumaa inayofuata atasimama kanisani aseme mambo yalivyokuwa. Nikamwambia anaweza kufukuzwa. Akasema, "Inshallah hawatanifukuza," kisha akasema anaogopa sana. Advera ameniambia alisimama, na hawakupiga makofi.

Kurudi

Nilirudi mapema kuliko tiketi ilivyosema. Angani nilijifunga mkanda mwenyewe. Niliogopa vilevile, ila nilikula.

Kutoka Mutukula hadi nyumbani sikuzungumza na mtu. Nilikuwa na hofu moja tu iliyobaki, kwamba nitakuta msiba wa wawili, Deo na mama. Nilipoteremka jioni niliona moshi uani na watu wamejaa, nikashindwa kupiga hatua. Jeni akanikimbilia. Alisema bibi amekunywa uji, na vidonge amemeza, na amesema hataki kukosa nguvu kesho kwenye kaburi. Nilimkuta ameketi chini na wanawake, kitambaa kimefungwa kiunoni, analia na kupumzika, analia na kupumzika, kama watu wengine wote wanavyolia.

Mazishi yenyewe mliyaona, sina haja ya kuwasimulia. Nawaandikia kilichotokea kabla sijafika kwa mama, nikiwa bado na begi begani. Mke wa Ta Petro, aliyesoma na mimi darasa moja, alisogea kwenye nyasi akanipisha nafasi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole kwa msiba, Adelina," akasema. "Pole sana kwa kaka yako."

Nilikuwa na miaka hamsini, na ilikuwa ni mara ya kwanza mtu kuniambia neno hilo kwa ajili ya Deo, kwa sababu kabla ya hapo hakuna aliyejua kama linafaa. Nikamwambia asante, nikakaa.